Kanuni Nilizoziandika Usiku Mmoja

Kanuni za kwanza za kupambanisha klabu zetu za kung fu niliziandika usiku mmoja, sebuleni kwangu Majengo, Mombasa, stima imepotea na tochi ya simu nimeiegemeza kwenye birika. Kurasa nne. Nilipoweka kalamu chini nilijihisi wakili. Pambano la tatu tu lilitosha kuniumbua.

Nafundisha Hung Gar, wanafunzi kumi na tano hivi, Jumanne na Alhamisi baada ya Isha; mchana mimi ni fundi wa friji. Kwa asiyeijua, Hung Gar ni kung fu ya kusini mwa China: miguu hupanuliwa na kiuno kikashushwa kama mtu aliyepanda farasi, mikono mizito, na mwanafunzi hukaa kikao hicho miezi mingi, mapaja yawake moto, kabla hajafundishwa jambo la kujivunia. Ng'ambo ya feri, Likoni, yuko mwenzangu afundishaye Shaolin ya kaskazini, mateke marefu na kuruka. Kisauni yuko mwalimu wa Wing Chun, mtu wa karibu-karibu, ngumi fupi za mfululizo zinazopita katikati. Na alfajiri pale Mama Ngina, mzee mmoja mstaafu wa bandari hukusanya kikundi chake cha tai chi, wakisukumana mikono polepole huku wauza madafu wakiwatazama kama watu waliopotelewa na kitu.

Twajuana miaka. Tukikutana kwenye kahawa mabishano ni yale yale, na kila mmoja ana msemo wake wa kujikinga: "Pigo langu halifai mchezoni, nitaua mtu." Nimelisema mimi mwenyewe, tena mbele ya wanafunzi, na nilikuwa sijawahi kumpiga hata mtu mmoja asiyekuwa mwanafunzi wangu. Sasa vijana wakaanza kurushiana maneno kwenye simu, mara klabu fulani ni wacheza densi, mara klabu fulani ni wazee wa kujinyoosha viungo. Nikaona kabla hawajakutana ufukweni usiku bila mkubwa yeyote, afadhali tuwakutanishe sisi.

Wengi wataniuliza kwa nini tusichukue kanuni za sanda, ule mchezo rasmi wa kupigana wa Kichina, ambazo zimeandikwa tayari na zinatumika dunia nzima. Jukwaa la mita 8 kwa 8 lililoinuliwa sentimita 80, raundi za dakika 2, alama za ngumi, mateke na mieleka. Tulizitazama. Tatizo letu lilikuwa glavu na kukamatana. Glavu za ndondi zafunga vidole, na Wing Chun yote imejengwa juu ya kuhisi mkono wa mwenzio, lile zoezi lao la chi sao; ukimvisha glavu nene ni kama kumwambia mshonaji ashone amevaa mifuko ya nailoni. Na kwenye sanda mkikamatana bila kuangushana, refa awaachanisha baada ya sekunde chache, ilhali mtu wa tai chi ndipo kwanza anaanza kazi. Sina ugomvi na sanda. Kila aniambiaye kuwa kung fu ya jadi ni kali kuliko sanda humwomba akanionyeshe, na bado nangoja.

Basi nikaandika zangu. Marufuku macho, koo, kisogo, uti wa mgongo, sehemu za siri na viungo vya magoti. Hapo sikukosea. Kisha nikaongeza: hakuna teke lolote chini ya kiuno, "kwa usalama wa magoti". Pigo la mkono wa mbele, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ruhusa. Uzito hauangaliwi, "kwa kuwa kung fu haijali ukubwa wa mtu". Mguso uwe mwepesi. Warefa ni sisi walimu wenyewe kwa zamu. Rudi uisome tena orodha hiyo ukijua kwamba mimi ni mtu wa Hung Gar, mwenye kikao kipana na mguu wa mbele ulioachwa nje kama mwaliko, na mikono iliyokomazwa kwa kugonganishwa miaka. Wakati ule sikuona. Naapa sikuona.

Tulikutana Jumapili moja ya Januari, kaskazi inavuma lakini ndani ya ukumbi hewa imesimama kama maji ya mtungi. Ukumbi shilingi 6,000. Vikombe vitatu 4,500. Maji na soda 2,200. Huduma ya kwanza: spiriti, pamba, bandeji mbili na barafu niliyonunua kwa muuza samaki, jumla haikufika 600. Nimeziweka hesabu hizi hapa makusudi ili mwone vikombe viligharimu mara ngapi zaidi ya pamba.

Pambano la kwanza na la pili yalikuwa ya kuchekesha. Vijana wanaorusha fomu, yaani mapigo ya kukariri kwa mfululizo, nzuri kama maji, walisahau kila kitu, wakafumba macho na kupigana kama watoto wa Madrasa wanaogombea kiatu. Hili litawapata nanyi mtakaojaribu, msiaibike; asiyewahi kurushiwa ngumi ya kweli hana njia nyingine ya kuanza.

La tatu, mwanafunzi wangu, kilo 79, mpakizi wa mizigo, na kijana wa Wing Chun wa kilo 58, mwanagenzi wa fundi cherehani. Refa mimi. Yule mdogo aliingia karibu vizuri sana, akapiga ngumi tatu kifuani, zote safi. Mwanafunzi wangu akazungusha mkono wa mbele kama tulivyofundishana na ukamkuta panjani. Alianguka upande, akainuka haraka, akacheka. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema, "Niko sawa, sifu," yaani mwalimu. Nikaashiria waendelee. Nusu saa baadaye mwalimu wake alipungukiwa na mtu, na kijana akaingia tena.

Alitapika nje, ukutani. Nilipomfuata akaniuliza kama mashindano yashaanza. Nikamjibu. Akaniuliza tena.

Tulimpakia kwenye tuktuk. Skani ya kichwa ilikuwa 9,000, nikailipa kwa pesa nilizokuwa nimeweka za kompresa ya mteja. Haikuonyesha damu, alhamdulillahi. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, na akatuuliza kwa upole kwa nini alipigana tena baada ya kuanguka. Hakuna aliyejibu. Mamake alikuja na leso mbili na viatu visivyofanana, jinsi alivyotoka mbio. Hakupiga kelele. Alimwangalia mwanawe, akamwangalia mwalimu wa Wing Chun, halafu akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyekuwa na firimbi?"

"Ndimi, mama."

Akatingisha kichwa, akakaa. Ningependa angenitukana.

Kijana alikuwa na maumivu ya kichwa kwa wiki tatu. Hakuweza kutazama sindano ya cherehani ikipanda na kushuka, taa za dukani zilimchoma macho, na siku ambazo hakwenda kazini hakulipwa. Niliwapelekea 500 kwa siku, mamake akazipokea kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo kabla ya neno lolote kuhusu alama, shikeni hili. Aliyepigwa kichwani akaanguka, au akapepesuka, au akauliza swali lisilo na maana, amemaliza siku hiyo. Asiulizwe kama yuko sawa, kwa sababu kinachojibu ndicho kilichopigwa. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi polepole, hatua kwa hatua, na kupigana kuwe mwisho kabisa, akiruhusiwa na daktari. Akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akishikwa na degedege au akawa haamshiki, ni hospitali mara moja, bila kungoja kuche. Na msidanganyike na kofia za kinga. Huzuia ngozi kupasuka. Ubongo ndani watikisika vile vile. Ndondi za ridhaa za wanaume ziliziacha mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 walipigana vichwa wazi. Sisi bado twazivaa kwa ajili ya nyusi, lakini hatuzihesabu kama ruhusa ya kupiga.

Miezi miwili sikufundisha kupigana. Nilisoma. Nilitaka kujua kama kuna waliofanya upumbavu kama wangu, na wapo, tena wakubwa. Nanjing mwaka 1928 palikuwa na mashindano ya kitaifa, mabingwa wa mitindo kutoka China nzima, bila vifaa vya kinga. Waliumizana hata wenye mamlaka wakawakatiza waliobaki kabla bingwa hajapatikana. Na Januari 1954, Macau, bwana wa tai chi Wu Gongyi, mwenye miaka zaidi ya 50, alipanda jukwaani na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe, kijana wa thelathini na kitu. Ilikuwa shughuli ya kuchangisha pesa, umati mkubwa. Ngumi za ovyo, pua ikatoka damu, majaji wakasimamisha raundi ya pili na kutangaza kwamba hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, wala si sare. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Ya pili nikaelewa kuwa wale majaji walikuwa na tatizo langu: hapakuwa na makubaliano ya kabla kuhusu nini kiitwe ushindi.

Aliyetufungua macho hasa ni ami yangu wa Kibokoni. Ujanani alicheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, zumari likilia na wawili wawili wakiingia uwanjani kupimana. Nilimkusanyia walimu wote barazani kwake, tukakaa juu ya mkeka na mahamri na kila mtu na karatasi yake. Kila mtu akasoma. Mwalimu wa Wing Chun hakutaka mwereka. Mwenzangu wa Likoni alitaka uwanja mpana na kukamatana kukatazwe kabisa. Mzee wa tai chi alitaka anayesukumwa nje ya mstari apoteze alama, na kushikana kusiwe na muda. Mimi nikarudia la mateke ya chini, kwa usalama wa magoti.

Ami alisikiza mpaka mwisho, akafuta midomo. "Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake," akasema. "Nanyi mko wanne, ngoma moja." Kisha akatutaka kila mmoja aandike kanuni moja tu, na iwe ile itakayomuumiza yeye mwenyewe. Hatukupata zaidi ya hilo kwake siku ile. Alikwenda kuswali akatuacha.

Nimeandaa mambo mengi maishani na sijaona kimya kama kile. Mwalimu wa Wing Chun aliandika wa kwanza: mwereka uruhusiwe, alama mbili ukimwangusha nawe umesimama. Likoni akaandika: kukamatana sekunde tano. Mzee wa tai chi akaandika kwamba anayekimbia-kimbia na kungoja tu aonywe, na ya pili apoteze alama, jambo ambalo wanafunzi wake hulifanya sana. Mimi nilishika kalamu muda mrefu. Hatimaye nikaandika: teke la paja, kwa nje, juu ya goti, ruhusa. Mkono ulinitetemeka, si utani, maana niliandika huku nikiona vijana wangu kumi na tano na mapaja yao.

Yaliyobaki tuliyapata kwa kujaribu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na hapa ndipo ningewashauri mtumie muda wenu wote.

Glavu kwanza. Tulichanga tukanunua jozi nne za vidole wazi, 1,800 kila jozi. Wing Chun ikafufuka. Kwa mara ya kwanza niliona mwalimu wa Kisauni akinasa mikono ya mtu asiyetaka kunaswa, na nilifurahi kana kwamba ni mimi. Wiki ya pili kidole kikaingia jichoni. Hakikuharibu kitu, lakini ilibidi tukate: juu ya mabega ni ngumi iliyofumbwa pekee. Kucha za simbamarara, pigo la vidole vilivyokunjwa kama makucha, ambazo ni fahari ya Hung Gar, zikafa hapo, na viganja vya mzee pia. Kila kifaa unachochagua kina mtindo kinachoupa na kina mtindo kinachounyang'anya. Chagueni mkijua, na mwambieni mnayemnyang'anya.

Neno "mwepesi" tulilifuta. Kila mtu ana wepesi wake, na wepesi wa kilo 79 ni jiwe. Badala yake, kabla ya kuanza, wawili husimama na kupigana kifuani mara tatu kila mmoja kwa kadiri watakayotumia. Anayepigwa akisema "punguza," yapunguzwa. Hicho ndicho kipimo cha pambano hilo. Akikizidi mara moja onyo, mara ya pili alama, mara ya tatu aende akanywe maji. Tofauti ya uzito isizidi kilo saba. Asiyetimiza mwaka wa mazoezi hapigwi kichwani wala hapigi. Na ngumi ya kichwa ni alama moja sawasawa na ya kifua, ili asipatikane wa kukiwinda kichwa kwa tamaa.

Kisha kuna kanuni ambayo naipenda kuliko zote. Ukimgonga mwenzio naye akakugonga papo hapo kabla hujatoka, hakuna anayeandikiwa. Mwanzo vijana walilalamika: "Lakini mimi nilitangulia!" Kutangulia na kulipwa si kujua kung fu. Ndani ya mwezi mmoja ile michezo ya kurukia, kugusa na kufurahia ikapungua, watu wakaanza kuziba mlango walikoingilia. Kwa mara ya kwanza niliona vitu vya kwenye fomu vikitokea vyenyewe, mkono mmoja unafunika huku mwingine unapiga, jambo ambalo nimelifundisha miaka bila kujua kwa hakika ni la nini.

Majaji walitutesa. Tulipaka chaki kwenye glavu na kuwavisha vijana fulana nyeusi, kisha majaji watatu waandike walichoona. Alama za chaki zilikuwa kumi na moja. Jaji mmoja aliandika sita, mwingine tisa, mimi nikaandika kumi na nne. Kumi na nne! Zilizozidi zote nilimpa mwanafunzi wangu. Tangu siku hiyo mwalimu haamui pambano lenye mwanafunzi wake, na refa tukamtafuta nje kabisa, mama mmoja aliyekuwa akichezesha netiboli mashuleni, asiyejua Hung Gar na biryani vina uhusiano gani, lakini firimbi yake hairudi nyuma. Tulimlipa 2,000. Muuguzi 3,000. Mikeka ya kukodi 3,500. Vikombe, hakuna.

Ami alitupa jambo moja zaidi, kwamba zamani kwenye fimbo aliyepigwa hakungoja kuambiwa. Tukaliingiza: ukipigwa safi, wainua mkono mwenyewe. Majaji wapo, lakini mkono wako watangulia. Hili si la kila klabu. Klabu tatu lilishika kwa uzuri ambao sikuutarajia. Vijana wakaanza kuonea fahari kuinua mkono haraka. Kwa kijana mmoja wa Likoni halikushika kamwe. Alipigwa mpaka chaki ikamfanya zeruzeru wa kifua na mkono haukuinuka. Hatukuwa na kanuni ya kumwadhibu, na mpaka leo hatuna. Mwalimu wake alimwondoa mwenyewe, akamkalisha, hakumsemesha. Sijui kama ningefanya hivyo kwa wangu.

Mkutano wa pili ulikuwa Septemba, kusi ikielekea kukatika, ukumbi ule ule. Vijana wangu watano waliingia, wanne wakashindwa. Mapaja. Mmoja alishuka ngazi za ukumbi kwa makalio, akinitazama kila ngazi. Yule mpakizi wangu wa kilo 79 alipewa mtu wa kilo 75, na walipopimana kifuani alisema yeye "punguza" kabla ya mwenzake, watu wakacheka, naye akacheka. Hakuna aliyeanguka kwa pigo la kichwa. Muuguzi alifunga kidole kimoja na akasoma gazeti.

Kijana wa cherehani alikuwa mtunza muda, akigonga kifuniko cha sufuria kila dakika mbili. Anataka kurudi kupigana, daktari amekwisha kumruhusu, mamake bado. Alikuja, mama, akakaa nyuma ya meza ya majaji na mkoba wake mapajani. Nilipompelekea ukwaju baridi aliupokea kwa mkono wa kulia, akaniuliza, "Firimbi leo anayo nani?" Nikamwonyesha mama wa netiboli. Akamwangalia raundi nzima, kisha akanywa.

Kilichobaki ni mzee wa tai chi. Mwanafunzi wake, mtu wa miaka arubaini na kitambi cha heshima, alishinda mapambano mawili kwa kuwasukuma vijana nje ya mstari, tano moja, sita bila, na hakupiga ngumi hata moja. Likoni wasema huko si kupigana, ni kumtoa mgeni nyumbani. Mzee asema mtu akikutoa ulipokuwa umesimama mara sita, wewe umebaki na nini? Tumekaa mara mbili hatujaafikiana. Jumamosi hii twakutana tena kwa ami, na mzee ameshaambiwa aje na karatasi yake.